"Mwanangu": Baba Mwislamu mbele ya Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usawiri wa baba Mwislamu katika riwaya mbili za Zanzibar, Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Riwaya hizo zinasomwa sambamba na msamiati wa ubaba katika Kurani, Hadithi na fiqhi ya Kishafi, na pia sambamba na Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert. Hoja inayojengwa ni kwamba Fuad na Maksuudi hawashitakiwi kwa kuwa ni baba Waislamu. Wanashitakiwa kwa vipimo ambavyo Uislamu wenyewe umemwekea baba. Mhakiki asiyevijua vipimo hivyo huigeuza hukumu ya riwaya dhidi ya mtu ikawa hukumu dhidi ya dini, na kosa hilo lina uzito wa pekee katika madarasa ya Kiswahili yaliyo mbali na mwambao.

Utangulizi

Katika vyuo na shule za nchi zisizo na mwambao, mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili mara nyingi hukutana na familia ya Kiislamu kitabuni kabla hajaingia katika nyumba ya Mwislamu. Hana shangazi wa Pemba wala jirani wa Lamu wa kumsahihishia picha anayoipata. Akisoma Utengano, Bwana Maksuudi ndiye baba Mwislamu anayemjua. Akisoma Nyota ya Rehema, Fuad huongezeka kuwa wa pili. Mwalimu naye, akiwa na mwongozo wa uhakiki mkononi, humwambia kwamba wahusika hao wawili wanawakilisha mfumodume, ukabaila na utamaduni wa pwani uliojengwa juu ya dini. Somo likiisha hapo, mwanafunzi huondoka akiamini kwamba ameelezwa baba ni nani katika Uislamu.

Jambo hili si dogo katika nchi zetu. Nchini Burundi na Rwanda, neno "Mswahili" limebeba kwa muda mrefu maana mbili kwa pamoja: Mwislamu wa mjini na mtu mjanja asiyeaminika. Buyenzi mjini Bujumbura na Nyamirambo mjini Kigali ni mitaa ambayo lugha na dini vilitambulika kwa jina moja, na dharau iliyoelekezwa kwa kimoja ilikigusa kingine. Kwa hiyo namna tunavyowafundisha vijana wetu kumsoma Maksuudi si suala la mtihani peke yake. Utengano iliwahi kuwa kitabu teule cha sekondari nchini Kenya, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya mtihani bado inazunguka hadi kwetu, ikinakiliwa na kunukuliwa bila kuhojiwa.

Sikusudii kuwatetea Fuad na Maksuudi. Hawateteeki, na waandishi wao hawakutaka watetewe. Ninachouliza ni hiki: riwaya hizi zinawahukumu kwa sheria gani? Uhakiki uliozoeleka hujibu kwamba ni kwa sheria ya haki za binadamu, ya usawa wa kijinsia au ya mapambano ya kitabaka. Majibu hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, yanairuka sheria iliyo karibu zaidi na wahusika, ile ambayo wake zao, watoto wao na majirani zao wangeitaja kwanza kama wangepewa nafasi ya kusema.

Baba katika msamiati

Tuanze na lugha, kwa kuwa mengi yanayosemwa kuhusu baba katika Uislamu, na wahubiri na wahakiki pia, hujengwa juu ya aya moja. Aya ya 34 ya Sura an-Nisaa inawaelezea wanaume kuwa wasimamizi wa wanawake, na inafunga usimamizi huo na mali wanayoitoa. Mara nyingi hunukuliwa kuthibitisha mamlaka ya baba juu ya nyumba nzima. Lakini aya hiyo inazungumza juu ya waume na wake. Baba hatajwi humo, wala mtoto. Anayetafuta baba hana budi kwenda kwingine.

Mahali pa kwanza pa kwenda ni aya ya 233 ya Sura al-Baqara, inayohusu kunyonyesha. Hapo baba anabebeshwa chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na jina analopewa linastahili kuangaliwa. Aya haimwiti "ab", neno la kawaida la baba, wala "walid", mzazi wa kiume. Inamwita "al-mawlud lahu", yaani yule ambaye mtoto amezaliwa kwa ajili yake. Tarjama zetu za Kiswahili huandika "baba" na kusonga mbele, na siwalaumu wafasiri, kwa kuwa msomaji anahitaji sentensi inayoeleweka. Lakini Kiswahili kina njia ya kuifikia maana ile, kwa kuwa kina kauli ya kutendea. Husemwa kwamba mke amemzalia mumewe watoto watatu. Katika sentensi hiyo mtendaji ni mke, naye mume ni mpokeaji, na mpokeaji wa kitu cha thamani huwiwa. Ndiyo mantiki ya aya: anayelipa ni yule aliyepokea. Aya haiishii katika malipo. Inakataza mama adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, inakataza baba naye adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, kisha inalifanya hata suala la kumwachisha mtoto ziwa kuwa jambo la kuridhiana na kushauriana baina ya wawili. Baba anayeamua peke yake mambo ya malezi hana aya hii upande wake.

Inafaa pia kulitazama neno "nafaka". Katika Kiarabu "nafaqa" ni matumizi yote ambayo mtu anawajibika kuyatoa kwa wanaomtegemea: chakula, mavazi na makazi. Lilipohamia katika Kiswahili, likabaki na maana ya mahindi, mtama na mpunga. Maneno ya mkopo hubana maana kila siku, na kisa kimoja cha namna hiyo si ushahidi wa kitu kikubwa. Hata hivyo, nikisikiliza mawaidha mengi ya redioni kuhusu wajibu wa baba, napata hisia kwamba wajibu wenyewe umefuata njia ya neno: umebana mpaka ukabaki gunia la unga lililoletwa mlangoni.

Sehemu iliyo tajiri zaidi ni jinsi baba wa Kurani wanavyowaita watoto wao. Mwito "ya bunayya" unatokea mara sita, na mara zote msemaji ni baba. Nuhu anamwita mwanawe aliyekataa kupanda safina. Yaakub anamtahadharisha Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto yake. Ibrahim anamweleza mwanawe ndoto ya kuchinja. Luqman, katika sura inayoitwa kwa jina lake, anautumia mara tatu anapousia. "Bunayya" ni umbo la udogo na huruma la "ibn", na kwa Mwarabu anayeisikia, umbo hilo lina joto ambalo neno la kawaida halina. Tukiangalia nyakati nne hizo, tunaona kwamba zote ni nyakati za hatari au za agizo zito: gharika, husuda ya ndugu, kisu, na tauhidi yenyewe. Palepale ambapo baba angeweza kuamuru kwa ukali, lugha yake inalainika. Ibrahim hata anamwomba mwanawe atoe rai yake, ilhali amri imetoka kwa Mungu. Nuhu anaita, hasikilizwi, na mtoto anazama. Na hata hapo mwito haukubadilika.

Tarjama za Kiswahili zinatumia "ewe mwanangu". Kiswahili kina viambishi vya udogo, lakini "kitoto changu" kinaelekea kudunisha au kudekeza, na hakifai katika kinywa cha Nabii. Badala yake joto limehifadhiwa katika mwungano wa jina na kimilikishi. "Mtoto wangu" ni maelezo. "Mwanangu" ni mwito. Kwa hiyo sidhani kwamba tarjama imepoteza sana. Kuna hata kitu ambacho imekiongeza. "Bunayya" ni mtoto wa kiume tu. "Mwanangu" hana jinsia. Msichana wa Kiswahili anayesomewa Sura Luqman kwa lugha yake anasikia baba akimsemesha yeye pia. Sijui kama kuna mfasiri aliyelikusudia jambo hilo, lakini limetokea, na tutaliona likifanya kazi katika ushairi.

Fuad na ngamia wa kijivu

Nyota ya Rehema inaanza na kuzaliwa kwa mtoto wa kike mwenye rangi ya giza katika nyumba ya mtu mwenye asili ya Kiarabu, mwenye mashamba na jina. Baba, Fuad, anaingiwa na shaka na kinyongo. Aziza, mama wa mtoto, hadumu, na Rehema anakua katika nyumba ambamo ni mtoto kwa jina tu, mpaka anapotoroka. Uhakiki umeieleza vyema sura ya kitabaka na kirangi ya kisa hiki: Zanzibar kabla ya Mapinduzi, ardhi mikononi mwa wachache, na weusi kuwa alama ya utwana. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ninasema kwamba yanaliacha wazi swali la pili: mbona aibu ya Fuad haina pa kujificha?

Ndani ya dini ya Fuad, kisa chake kilishaulizwa na kujibiwa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, bedui mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) na kulalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume hakumuuliza habari za mke. Alimuuliza kama ana ngamia. Anao. Wana rangi gani? Wekundu. Je, miongoni mwao yumo wa kijivu? Yumo. Ametokea wapi? Bedui akajibu kwamba pengine ni asili ya zamani iliyomvuta. Basi na mtoto wako huenda ni asili iliyomvuta, akaambiwa. Hakupewa ruhusa ya kumkana.

Jibu hilo halina neno hata moja la kukemea. Bedui anapelekwa kwenye zizi lake mwenyewe, kwenye elimu anayoimiliki, na anajitolea hukumu kwa kinywa chake. Fuad naye ni mtu wa mashamba. Anajua kwamba mbegu haitoi daima kile kinachotarajiwa. Kinachomzuia kumkubali binti yake si ujinga, wala si dini. Ni hadhi. Riwaya inamweka mahali ambapo hawezi kusema kwamba dini imemlazimisha.

Fiqhi inaubana zaidi mlango huu. Mtoto ni wa kitanda cha ndoa. Mume anayetaka kumkana ana njia moja tu, nayo ni ya kutisha: kusimama mbele ya kadhi, kuapa mara nne kwamba anasema kweli, na mara ya tano kujilaani akiwa mwongo, kama inavyoelezwa mwanzoni mwa Sura an-Nur. Ama unaapa, ama mtoto ni wako kwa kila kitu: jina, matumizi, malezi, urithi. Mahali anapokaa Fuad, pa kutomkana hadharani na kutomkubali moyoni, sheria haipatambui. Kurani inapatambua, lakini kwa kupalaani. Aya za 58 na 59 za Sura an-Nahl zinamchora mtu anayebashiriwa binti, uso wake unasawijika, anajificha watu wasimwone, akijiuliza kama abaki naye kwa unyonge au amfukie udongoni. Tumezoea kuitaja aya hii kwa sababu ya lile la pili, ule uzikaji wa mabinti wa zama za ujahili, na kujipongeza kwamba Uislamu umelikomesha. Aya inataja mawili, na yote mawili inayahesabu kuwa hukumu mbaya. Fuad amechagua la kwanza. Amebaki naye kwa unyonge.

Kisha linakuja shamba la Ramwe. Fuad anampa Rehema ardhi, na Rehema na mumewe Sulubu wanailima. Baba anapokufa, upande mwingine wa familia unaigeukia ardhi hiyo, na kile alichokitoa baba hakimlindi binti. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, uhakiki wa kitabaka unapofanya kazi nzuri na kuishia njiani. Unaona, kwa haki, kwamba sheria na vyombo vyake vimo upande wa wenye mali. Hauoni kwamba Rehema ana hoja tatu za kidini, siyo moja. Akiwa binti wa ndoa, yeye ni mrithi kwa fungu lililotajwa, asiyehitaji hisani ya mtu. Akiwa amepewa zawadi baba akiwa hai, na akaishika na kuilima, hiba yake imetimia kwa masharti ya Kishafi, na warithi hawana cha kudai humo. Tena baba aliyetaka neno lake lidumu aliamrishwa aliandike: Hadithi ya Ibn Umar haimruhusu Mwislamu mwenye cha kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa.

Kwa hiyo Ramwe si mwisho wa ukarimu wa baba uliodhulumiwa na wengine. Ni mwendelezo wa udhaifu ule ule wa siku ya kuzaliwa. Fuad alimpa binti yake ardhi kama alivyompa jina: nusunusu, bila kusimama mbele ya watu na kusema huyu ni wangu na hiki ni chake. Kisa cha Nu'man bin Bashir kinafaa kukumbukwa hapa. Baba yake alitaka kumpa zawadi na akamwendea Mtume amshuhudilie. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo, na aliposema hapana, akakataa kushuhudia na akamtaka afanye uadilifu. Fundisho linalotolewa kwa kawaida ni usawa baina ya watoto. Liko jingine: kwamba zawadi ya baba kwa mtoto ni jambo la kushuhudiwa, si la kunong'onezwa kwa siri ili nyumba kubwa isiudhike.

Maksuudi na mlango uliofungwa

Katika Utengano, Bwana Maksuudi ni mtu mwenye mali na cheo, anayeheshimika mbele ya watu, anayemfungia binti yake Maimuna ndani huku mwenyewe akizunguka nje kwa wanawake. Bi Tamima, mkewe, anapopatwa na uchungu wa kuzaa na Bi Farashuu kuingizwa nyumbani bila idhini ya bwana, jibu la bwana ni ghadhabu na talaka. Maimuna anatoroka, na maisha anayoyakuta nje ni ya kuangamiza.

Wanafunzi wangu, Waislamu na Wakristo, husema kwa sauti moja kwamba Maksuudi amemfungia Maimuna kwa sababu ya dini. Nikiwauliza ni wapi riwaya inasema hivyo, huwa wanachelewa kujibu. Mlango ule unalinda jina la Maksuudi. Iko Hadithi ya Bibi Aisha, ya mwanamke aliyemjia na mabinti zake wawili, akapewa tende na akaigawa kwa wanawe bila kula mwenyewe. Mtume alipoambiwa, alieleza kwamba anayejaribiwa kwa mabinti na akawatendea wema, watakuwa kwake kinga ya moto. Katika Hadithi hiyo binti ndiye ukuta na mzazi ndiye anayelindwa. Maksuudi ameigeuza: amejenga ukuta dhidi ya binti. Na anapomwacha Bi Tamima katika hali ile, anaivunja waziwazi aya ya 6 ya Sura at-Talaq, inayoamuru wanawake walioachwa wakiwa na mimba watunzwe mpaka wajifungue, wasidhikishwe, kisha wazazi wawili washauriane kwa wema kuhusu mtoto.

Hapa mhakiki wa kifeministi ana swali la haki, na halipaswi kukwepwa. Atasema: je, si rahisi mno kumtenga Maksuudi na dini yake kwa kumwita mkiukaji? Nani aliyempa ufunguo? Nakiri kwamba swali hili lina nguvu kuliko watetezi wengi wa dini wanavyokubali. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, yanampa baba uwalii wenye mkazo juu ya binti bikira, hata kumwoza bila tamko lake la ridhaa, ingawa kumshauri kunapendekezwa. Mamlaka hayo si uzushi wa Maksuudi. Yameandikwa katika vitabu vilivyosomeshwa misikitini kwa karne nyingi. Baba aliyelelewa kwa vitabu hivyo huku akisahau masharti yake anaweza kujiona yuko sawa kabisa.

Lakini masharti yapo. Mafakihi wa Kishafi walisema uwalii huo haupo ikiwa kuna uadui wa wazi baina ya baba na binti, na kwamba mume lazima awe anayelingana naye na mwenye uwezo wa mahari. Vilevile Hadithi zinamtaja Khansaa binti Khidham, mwanamke aliyekuwa ameshaolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza asikotaka. Mtume akaivunja ndoa hiyo. Ninachokiona katika maandiko haya ni mvutano ambao haukumalizika, baina ya baba mwenye sauti ya mwisho na baba anayeulizwa. Hadithi mashuhuri ya uchungaji inamweka mwanamume kuwa mchunga wa watu wa nyumba yake, kisha papo hapo inamweka mwanamke kuwa mchunga wa nyumba na watoto, na inasema kila mchunga ataulizwa. Mahubiri mengi hukomea kwenye uchunga wa kwanza. Utengano, kwa maoni yangu, imeandikwa kutoka ndani ya mvutano huo, na mwandishi wake, aliyezaliwa Pemba katika mazingira hayo hayo, hakuhitaji kutoka nje ya Uislamu kupata fimbo ya kumchapia Maksuudi.

Baba anayeusia

Ni bahati mbaya kwamba ufundishaji wetu huwatenga baba wa riwaya na baba wa ushairi, kana kwamba hawaishi katika fasihi moja. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858 na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu kwa ajili ya binti yake, umezoeleka kuwa kielelezo cha wosia. Mama yuko karibu na kufa. Anamwita binti aje na wino na karatasi. Tumejifunza kuamini kwamba wosia kwa binti ni kazi ya mama.

Shaaban Robert aliuvunja mgawanyo huo. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini anaeleza kifo cha mkewe Amina, na humo zimo tenzi mbili alizowatungia watoto: Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume, na Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa. Kimaudhui, Utenzi wa Hati hauko mbali na ule wa Mwana Kupona. Una ucha Mungu, adabu, kazi, unyumba, na msomaji wa leo atakuta humo nasaha kuhusu mume ambazo hatazipokea zote. Sitaki kuufanya kuwa kile usichokuwa. Kilichobadilika ni msemaji. Baba mjane anakaa na binti na kumsemesha kwa urefu, beti kwa beti, akichukulia kwamba ana akili ya kuelewa. Luqman alimsemesha mwana wa kiume. Shaaban Robert amelipeleka neno lile lisilo na jinsia, "mwanangu", mpaka mwisho wa maana yake.

Jina la utenzi nalo lina uzito. Hati ni maandishi yanayothibitisha haki ya mtu. Mwanjaa alipewa na baba yake karatasi yenye jina lake, ikachapishwa, ikasomwa na watu wengi. Ukiuweka utenzi huu mezani pamoja na Nyota ya Rehema, Fuad anaonekana upya: tajiri asiyemwachia binti yake kitu cha kusimamia, kando ya karani mwenye mshahara mdogo aliyeacha hati.

Ningependa kuona mpangilio huo ukifuatwa darasani, hasa katika nchi zetu. Utenzi wa Hati usomwe kabla ya Utengano, si miaka miwili baadaye katika kozi nyingine. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, iingizwe pia, kwa kuwa humo baba anamtoa mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka 12, kuwa rehani ya deni kwa mfanyabiashara Aziz, na kisa kizima kinaegemea Sura Yusuf. Mwanafunzi asiyejua kwamba Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe hataona ukali wa baba aliyempandisha mwanawe garimoshi na kubaki nyuma. Swali la mtihani nalo libadilike kidogo. Badala ya kumtaka mtahiniwa athibitishe kwamba Maksuudi anawakilisha mfumodume, jambo ambalo kila mwongozo umelijibu tayari, aulizwe Bi Tamima angemshitaki Maksuudi kwa kadhi kwa makosa gani, na kadhi angeweza kuyasikiliza yapi. Nimelijaribu swali hilo kwa mihula mitatu. Majibu ni mafupi kuliko yale ya zamani, na wanafunzi hulazimika kurudi kwenye riwaya kuyatafuta.